Shule ni ya nani? Njia ya wakili katika sheria ya elimu

Ukisimama asubuhi kando ya barabara kubwa ipitayo Oicha, ile itokayo Beni na kwenda Eringeti hata Komanda na Bunia, utaona watoto wa namna mbili. Wa kwanza wamevaa shati jeupe na nguo ya buluu, madaftari kwapani, nao wanakwenda mbio maana kengele imekwisha lia. Wa pili hawana shati jeupe. Mmoja amebeba bidoni ya maji, mwingine beseni la ndizi, wa tatu amembeba mdogo wake mgongoni. Wengi wao wametoka vijiji vya mbali, wamekimbilia hapa pamoja na wazazi wao kwa sababu ya vita. Nao husimama kuwatazama wale wa kwanza wakipita.

Mwanzoni mwa mwaka mmoja wa shule, mama mmoja katika hao wakimbizi alitujia. Mtoto wake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa kidogo iliyodaiwa shuleni. Mama hakulia wala hakutukana. Alisema tu: "Ninyi mnaosoma vitabu, nielezeni. Redioni wanasema shule ya msingi ni bure, tena kwamba ni sheria. Kama ni sheria, mbona mtoto wangu yuko nyumbani? Na kama mtoto wangu yuko nyumbani, hiyo sheria iko wapi?"

Siku ile swali hilo lilitushinda. Tulipolitafutia jibu, tuliona kwamba hatuna budi kurudi nyuma zaidi ya miaka 100 na kufuata njia mbili. Njia ya kwanza ni ya shule yenyewe katika nchi yetu. Njia ya pili ni ya watu wa sheria, wale tuwaitao huku avoka, ambao wengine wao waliacha kesi za madeni, mashamba na urithi, wakaingia kuwatetea watoto wa maskini darasani. Wasomaji wapenzi, njia hizo mbili zilichelewa sana kukutana, na kuchelewa huko ndiko kulikomfikisha mama yule kwetu.

SHULE YA MAPATANO

Tarehe 26 Mei 1906 Baba Mtakatifu na Dola Huru ya Kongo, yaani Serikali ya mfalme Leopold II, waliandikiana mapatano. Serikali ilikubali kuzipa misioni za Kikatoliki ardhi, hektari 100 kwa kila misioni, na pengine hata 200. Misioni kwa upande wake zilikubali kufungua shule kadiri ziwezavyo, na kuwafundisha watoto kilimo na kazi za mikono.

Tuyatazame vizuri mapatano hayo. Yana pande mbili tu, Serikali na misioni. Mmoja alitoa ardhi, mwingine alitoa kazi. Mtoto wa Kongo yumo ndani yake kama lile shamba lenyewe lilivyomo: anatajwa, lakini hana neno la kusema wala kitu cha kudai. Hatusemi hivi kwa kuwadharau wazee waliotutangulia. Bila shule hizo wengi wa babu zetu wasingalijua kusoma. Mapadri Waasumpsionisti walipofika Beni mwaka 1929, walianza kujenga madarasa pamoja na makanisa, na jasho lao twalijua. Lakini mtu aweza kupokea zawadi nzuri, na bado ikabaki zawadi. Zawadi haidaiwi. Aliyekupa leo aweza kukunyima kesho, nawe huna pa kumshitaki.

Hapa Oicha penyewe waliojenga walikuwa Waprotestanti wa Africa Inland Mission, katika miaka ya 1930. Daktari wao Carl Becker, Mmarekani, aliifanya hospitali ya Oicha ijulikane mbali, hasa kwa kuwatunza wenye ukoma. Basi hapo ndipo tunapoona jinsi shule ya mapatano ilivyowagawa watoto. Kwa miaka mingi Serikali ya Wabelgiji ilitoa msaada wa fedha kwa shule za misioni za Kikatoliki tu, kwa kuwa ilizihesabu kuwa misioni za taifa lake. Za Waprotestanti, ambao wengi wao walikuwa wageni kutoka nchi nyingine, hazikupata. Mwaka 1946 tu ndipo waziri wa makoloni Robert Godding alipoamua kwamba nazo zisaidiwe.

Maana yake nini? Mtoto aliyekaa karibu na mapadri na mtoto aliyekaa karibu na Waprotestanti walikuwa wa nchi moja na lugha moja, labda hata wa ukoo mmoja. Lakini mbele ya hazina ya Serikali hawakuwa sawa. Ni nani aliyesimama kusema kwamba mtoto mmoja amenyimwa haki yake? Kelele zilipigwa na misioni kwa ajili ya misioni. Kwa ajili ya mtoto hakusimama mtu, maana kazi hiyo haikuwa na mwenyewe, wala neno "haki" halikutumika katika jambo hilo.

Mwaka 1954 ugomvi ulizidi. Waziri mpya, Auguste Buisseret, alianza kufungua shule za Serikali zisizo za dini kwa watoto wa Kongo. Wakatoliki wengi waliona kwamba wananyang'anywa shamba walilolilima miaka 50. Wengine, na kati yao Wakongo wengi waliosoma, walifurahi kupata mlango wa pili. Hata kule Ubelgiji watu waligombana juu ya shule mpaka vyama vikubwa vilipopatana mwaka 1958. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Pande zote ziliuliza swali moja tu: Shule ni ya nani? Ni ya Serikali au ni ya dini? Hakuna aliyeligeuza swali na kuuliza: Elimu ni haki ya nani?

JAMBO LILILOANZA KWA BASI

Lakini mwaka ule ule wa 1954, mbali na hapa, swali lilikwisha geuzwa. Na waliolichukua mpaka mbele ya wakubwa ni mawakili.

Huko Marekani, katika majimbo ya kusini, sheria iliwatenga watoto weusi na watoto weupe, kila kundi na shule zake. Mwanasheria mweusi Charles Houston, aliyefundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, aliwaza sana juu ya jambo hilo. Aliona kwamba ubaguzi una miguu mingi, na kwamba mguu ulio rahisi kuukata kwa sheria ni shule. Basi akawafundisha vijana wake kazi hiyo. Mmoja wao aliitwa Thurgood Marshall, kijana wa Baltimore. Chuo kikuu cha jimbo lake la Maryland kilikuwa hakiwapokei weusi katika masomo ya sheria, kwa hiyo Marshall alisomea kwa Houston. Alipomaliza, moja ya kesi zake za kwanza kubwa ilikuwa juu ya chuo hicho hicho. Mwaka 1935 yeye na Houston walimtetea Donald Murray, kijana mweusi aliyekataliwa mlangoni, na hakimu akaamuru apokewe. Hivyo njia ya Marshall kuingia katika sheria ya elimu ilipita katika mlango aliofungiwa yeye mwenyewe.

Kesi nyingine ilianza kwa jambo dogo sana. Katika wilaya ya Clarendon, jimbo la South Carolina, watoto weupe walikuwa na mabasi ya kuwapeleka shule. Watoto weusi walikwenda kwa miguu kilomita nyingi. Mkulima mmoja, Levi Pearson, aliomba basi moja tu. Alinyimwa. Aliposhitaki, mwaka 1948 kesi ilifutwa kwa sababu ya mpaka wa kodi: walisema shamba lake lilitozwa kodi upande mwingine, kwa hiyo hana haki ya kudai upande huu. Marshall hakukata tamaa. Aliwaambia watu wa huko kwamba mtu mmoja huangushwa upesi. Walete majina yasiyopungua 20. Wazazi walitia sahihi zao katika barua ya maombi mwaka 1949. Jina la Harry Briggs likatangulia katika kesi yao. Alikuwa mfanyakazi wa kituo cha petroli, akafukuzwa kazi kwa sababu ya sahihi ile. Lakini kesi yao ikaenda mbele, ikaunganishwa na nyingine nne, na tarehe 17 Mei 1954 majaji wote tisa wa Mahakama Kuu ya Marekani waliamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi yao ni kinyume cha Katiba. Houston hakuiona siku hiyo, alikuwa amekufa mwaka 1950.

Marshall alifika hata Afrika ya Mashariki. Mwaka 1960 Tom Mboya na viongozi wenzake wa Kenya walimwita awe mshauri wao katika mkutano wa London juu ya Katiba ya nchi yao, naye akawasaidia kuandika muswada wa haki za watu. Tunataja hayo ili tujue kwamba hata huku kwetu, miaka ile ile, waliokuwa wakiijenga nchi walikwisha ona kwamba wanamhitaji mtu wa kuiandika haki kwa maneno ambayo hakimu aweza kuyashika.

MWANA WA BUMBA

Na Kongo je? Siku ya Uhuru, tarehe 30 Juni 1960, hapakuwa na jaji Mkongo hata mmoja. Waliokuwa wamemaliza chuo kikuu katika nchi nzima walikuwa wachache kabisa. Tulikuwa na mapadri, makarani, walimu na wauguzi. Wakili hatukuwa naye. Basi kama mama wa Oicha angaliuliza swali lake siku ile, asingalipata hata mtu wa kumpelekea.

Mmoja alikuwa njiani. Jina lake Marcel Lihau, aliyezaliwa mwaka 1931 huko Bumba, katika Equateur. Alisoma seminarini, kisha kwa msaada wa Wajezuiti akaenda Ubelgiji, akajifunza sheria katika Chuo Kikuu cha Leuven. Alikuwa katika Wakongo wa kwanza kabisa kupata digrii ya sheria. Aliporudi alifundisha wengine, akashiriki kuandika Katiba ya mwaka 1964, na mwaka 1968 akawa Rais wa kwanza wa Mahakama Kuu ya nchi yetu.

Wakati huo mambo ya wanafunzi yalikuwa ya hatari. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana Kinshasa, na askari wakawapiga risasi. Mwaka 1971 Serikali ya Mobutu ilivitwaa vyuo vikuu vyote na kuvifanya kimoja. Mwaka 1975 Lihau, ambaye angeweza kukaa kimya katika kiti chake kikubwa, alikataa kutekeleza adhabu kali iliyotakiwa juu ya wanafunzi walioandamana. Aliondolewa kazini, akafungiwa nyumbani kwake. Baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha UDPS, akafa uhamishoni Marekani mwaka 1999.

Twaona basi kwamba jaji wetu wa kwanza mkubwa alipoteza kiti kwa ajili ya wanafunzi. Hakuanza kama mtetezi wa shule. Sheria ndiyo iliyomfikisha hapo, kwa maana mtu anayeishika kweli, siku moja itampeleka mahali asipopanga kwenda.

MIAKA MIWILI BILA KENGELE

Wakati huo huo ule ugomvi wa zamani ulirudi kwa sura mpya. Mwishoni mwa mwaka 1974 Mobutu alitangaza kwamba shule zote za dini sasa ni za Serikali. Mambo yalienda vibaya upesi, majengo yakaharibika, fedha zikapotea. Tarehe 26 Februari 1977 Serikali iliandikiana na makanisa mapatano mapya: shule zibaki za taifa, Serikali ilipe, makanisa yasimamie. Ndizo hizo tuziitazo konvansione hata leo. Msomaji alishike neno hilo, maana tutalirudia.

Serikali ilikubali kulipa, lakini haikulipa. Katika miaka ya 1980 mshahara wa mwalimu ulinyauka, na katika miaka ya 1990 ulikuwa kama hakuna. Wazazi, kwa kupatana na makanisa, walianza kuchanga pesa ili mwalimu asiondoke. Walisema ni kwa muda mfupi, mpaka Serikali ipone. Muda huo mfupi ulidumu karibu miaka 30. Hivyo mzazi wa Kongo alijenga desturi ya kununua kile ambacho sheria ilisema ni wajibu wa Serikali. Alifanya vema, maana bila yeye shule nyingi zingalifungwa. Lakini mtoto wa asiye na kitu alibaki nje, na hakuna aliyelaumiwa.

Hapo ndipo njia mbili zilipokutana mara ya kwanza. Mwezi Juni 1981, mjini Nairobi, wakuu wa nchi za Afrika walikubali Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu. Ulianza kutumika mwaka 1986. Ibara yake ya 17 inasema kwamba kila mtu ana haki ya kupata elimu. Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa, ilijiunga na Mkataba huo. Pengine wakubwa walidhani ni karatasi ya sherehe tu. Lakini vyama vya mawakili na vya watetezi wa haki viliisoma karatasi hiyo. Viliandika mashitaka juu ya Zaire kwa Kamisheni ya Afrika: watu kukamatwa na kuteswa, hospitali kukosa dawa, fedha za umma kutapanywa, na tena vyuo vikuu na shule za sekondari kufungwa kwa miaka miwili.

Serikali haikujibu kwa neno la maana. Mwaka 1995 Kamisheni ilitoa uamuzi wake. Ilisema kwamba, pamoja na makosa mengine mengi, kufungwa kwa shule hizo na vyuo hivyo kumevunja Ibara ya 17. Wasomaji, neno hili lilikuwa jipya. Kwa mara ya kwanza baraza la Afrika lilikuwa limeitazama shule iliyofungwa katika nchi yetu, nalo halikuuliza jengo ni la nani. Lilisema: kuna wenye haki, nao wamenyimwa, na aliyewanyima ni Serikali.

Je, kengele zililia kesho yake? La. Kamisheni haina polisi. Mobutu alianguka mwaka 1997 kwa bunduki, si kwa uamuzi huo. Lakini toka siku hiyo hakuna atakayesema kwamba shule ni zawadi tu. Lilikuwa limeandikwa.

MANENO YA KATIBA NA MFUKO WA DIREKTA

Tarehe 18 Februari 2006 Katiba yetu ya sasa ilitangazwa. Ibara ya 43 yasema kwamba kila mtu ana haki ya elimu ya shule, na kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za umma. Sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 na sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014 zilikaza fundo hilo hilo.

Hapa mtu mwerevu atasema: "Katiba yataja shule za umma, lakini shule zetu nyingi ni za dini." Ndipo wakili anapohitajiwa. Kwa mapatano ya 1977, na kwa sheria ya 2014, shule ya konvansione ni shule ya umma iliyokabidhiwa kanisa lisimamie. Kanisa ni msimamizi, mwenye deni kwa mtoto ni Serikali. Kwa hiyo neno "bure" lahusu pia shule ya misioni, ya Wakatoliki, ya Waprotestanti, ya Wakimbangisti au ya Waislamu.

Serikali ilichelewa kulitimiza neno lake. Ilianza na madarasa ya chini tangu mwaka 2010, na mwezi Septemba 2019 ndipo ilipotangaza kwamba shule ya msingi ni bure kwa wote. Watoto walikuja kama maji ya mto. Benchi la watoto watatu lilikaliwa na watano. Hiyo ni furaha kubwa, lakini nayo ilileta taabu. Walimu wengi walikuwa bado hawajaingizwa katika orodha ya mishahara. Zamani waliishi kwa mchango wa wazazi. Sasa mchango umekatazwa, na mshahara haujafika. Direkta wa shule ana walimu wawili wenye njaa, hana chaki, na paa linavuja. Akiomba pesa kidogo kwa wazazi, anavunja sheria. Asipoomba, mwalimu anaondoka.

Basi tulimwelewa hata yule aliyemrudisha mtoto wa mama yetu. Hatusemi kwamba alitenda vema. Twasema kwamba ugomvi wa mama na direkta ni ugomvi wa maskini wawili juu ya deni la mtu wa tatu asiyekuwapo. Na kazi ya kwanza ya wakili wa elimu ni hii: kuonyesha mlango wa mwenye deni, ili maskini wasimalizane wao kwa wao.

Hapa Oicha kuna mzigo wa pili. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yameirudia teritwari ya Beni mara nyingi mno. Shule za vijijini zimefungwa kwa vipindi, nyingine zimelaza wakimbizi. Tarehe 16 Juni 2023 waasi waliishambulia shule moja huko Lhubiriha, upande wa Uganda karibu na mpaka wetu wa Kasindi, wakaua wanafunzi zaidi ya 30. Kongo ilikubali mwaka 2016 lile Azimio la nchi nyingi la kuzilinda shule wakati wa vita, nayo sheria ya mataifa yahesabu kushambulia shule kwa makusudi kuwa kosa la vita. Hayo nayo ni sheria ya elimu, tena iliyo nzito kuliko zote.

Na kuna mambo madogo ambayo hayaandikwi magazetini. Familia ikikimbia usiku, karatasi huungua pamoja na nyumba. Mtoto anafika darasa la sita bila cheti cha kuzaliwa, na jina lake laweza kuandikwa vibaya katika orodha ya mtihani. Baraza la hukumu laweza kutoa hukumu ya kushika nafasi ya cheti hicho. Kwa wakili ni kazi fupi. Kwa mtoto ni maisha yake.

JIBU LETU

Tulipokwisha kuyakusanya haya, tulimtafuta yule mama tukamjibu hivi.

Kwanza, sheria ipo, nayo yasema neno lile lile alilolisikia redioni. Si uvumi. Pili, sheria haitembei yenyewe. Yangoja wenye haki waitaje jina mbele ya mwenye wajibu. Tatu, asiende peke yake. Ibara ya 27 ya Katiba yampa kila Mkongo, peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kuwapelekea wakubwa wa nchi barua ya maombi, nao wanapaswa kujibu katika miezi mitatu. Tena hairuhusiwi kumshitaki mtu kwa sababu ya barua hiyo. Yaliyompata Harry Briggs, sheria yetu imekwisha yakataza kwa maandishi. Nne, sheria ya mwaka 1979 juu ya mawakili inataka chama chao kiwe na ofisi ya kuwashauri bure wasio na uwezo. Kumpelekea wakili neno hili si kuomba sadaka.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akahesabu kwa vidole. "Miezi mitatu?" akasema. "Mwaka wa shule una miezi kumi."

Hatukuweza kubishana naye. Hesabu yake ni sahihi. Haki ya mtoto ina jambo moja lisilo katika haki ya shamba wala ya deni: haingoji. Shamba lililonyang'anywa laweza kurudishwa baada ya miaka kumi, nalo litakuwa shamba lile lile. Mtoto wa miaka saba ukimrudishia haki yake baada ya miaka kumi, hayuko tena. Kwa sababu hiyo mawakili wanaoingia katika kazi hii hawana budi kuwa wepesi kuliko wenzao, na sisi tulio karibu na mtoto tusiwaachie kazi yote. Wazazi waandike majina ya watoto walio nje, mtaa kwa mtaa. Walimu waandike miezi isiyolipwa. Wasimamizi wa shule wawe wa kwanza kuipeleka orodha hiyo Beni na mbele zaidi, maana wao mlango wanaujua. Wakili bila orodha ni mvuvi bila wavu.

Tena tuwatazame vijana wetu. Lihau alilazimika kwenda Leuven ili ajifunze sheria. Mtoto wa Oicha leo hahitaji kuvuka bahari. Tangu mwaka 1989, kwa juhudi ya Askofu Emmanuel Kataliko, kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mjini Butembo, mwendo wa kilomita kama 80 kutoka hapa, nacho kinafundisha sheria. Akimaliza masomo, atakaa miaka miwili chini ya wakili mkubwa, ndipo atakuwa wakili kamili. Wengi wakifika hapo hutafuta kesi za viwanja na za wafanyabiashara, nasi hatuwalaumu, maana wana watoto wa kulisha. Lakini tungependa mmoja au wawili wakumbuke ile barabara ya asubuhi, na wale watoto waliosimama na bidoni zao wakiwatazama wenzao wakipita. Pengine mmoja wao alikuwa ni yeye mwenyewe, kama Marshall alivyokuwa mbele ya mlango wa Maryland.

Wazee wetu waligombana miaka 100 juu ya shule ni ya nani. Sisi tumelipokea swali lingine, na mama mmoja mkimbizi ndiye aliyetupa. Mtoto wake alirudi darasani mwezi wa pili, baada ya jirani zake kuchanga ile pesa. Twashukuru kwa wema wao. Lakini deni halikulipwa na mwenye deni, na Septemba itarudi.